Askari Asiyemjua Mwenye Duka

Watu wakiniuliza kazi yangu, huwa nawajibu kwamba nakataza. Wanacheka, wakidhani ni utani. Lakini nikiketi mbele ya kompyuta ya mteja, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Naandika kanuni zinazosema programu gani iguse faili gani, na chochote ambacho sikukiandika kimekatazwa. Sibembelezi mtu wala mashine.

Kompyuta nyingi haziendeshwi hivyo. Kwa kawaida mwenye kompyuta, au programu yoyote inayotumia jina lake, hufungua inachotaka na kufuta inachotaka. Ukiweka kanuni za lazima, mambo hubadilika. Kila programu inapewa lebo, kila faili inapewa lebo, na ndani kabisa ya mfumo anakaa askari anayetazama lebo tu. Cheo hakimshughulishi. Hata mkubwa wa mitambo akiiendesha programu iliyofungiwa kwa jina lake lenye nguvu zote, programu hiyo haitavuka mpaka wake. Wengine huuona huo ni ukorofi. Mimi naupenda, labda kwa sababu nami ni mkorofi.

Mteja ninayemkumbuka zaidi ni mzee mmoja wa Tala, Msomali, aliyeanza na biashara ya mbuzi na ng'ombe kisha akafungua duka la dawa za mifugo. Nyuma ya duka ana chumba cha baridi cha kuwekea chanjo. Chanjo hizo zikipata joto zinaharibika, na ubaya wake ni kwamba iliyoharibika na iliyo nzima ni sura moja. Daktari atadunga, mkulima atashukuru, halafu ugonjwa uje umalize zizi.

Kwa hiyo nilimwekea kompyuta ndogo ya betri yenye programu mbili. Ya kwanza ilipima baridi ya chumba na kuwasha jenereta stima ikipotea. Ya pili iliwatumia wakulima ujumbe wa simu, kuwaambia chanjo imefika na iko salama. Ile ya kwanza niliiruhusu kusoma mipangilio ya chumba. Ya pili, kwa kuwa inazungumza na watu wa nje, niliiruhusu kusoma kipimo cha baridi na kutuma ujumbe, basi.

Asubuhi moja simu yangu ikalia. Stima ilikuwa imepotea Tala na jenereta ilikataa kuwaka. Bahati nzuri binti wa mzee, mwanamke mwenye watoto wake ambaye ndiye msimamizi wa duka, alikuwa karibu, akaiwasha kwa mkono kabla chumba hakijapata joto. Chanjo zilikuwa salama. Nilipowasili kutoka Machakos mjini stima ilikuwa imerudi, na mzee amesimama mlangoni, amefura.

"Fundi, hiyo askari yako imekataza jenereta," akaniambia kabla sijafungua mdomo.

"Salaam aleikum, Hajji."

"Waaleikum salaam. Izime. Kesho daktari anabeba hiyo dawa mpaka Ndithini. Watu wamengoja sana, na mimi niko na jina hapa."

Ndithini ndiko kwetu. Mwaitu, mama yangu, anafuga mbuzi huko, na alikuwa ameshanipigia kuniambia amewafunga karibu na nyumba wasipotee kabla ya chanjo. Sikuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Lakini kuzima, hapana. Nimeshaingia mahali pengi nikakuta askari amezimwa na fundi fulani "kwa muda mfupi tu," na muda mfupi wenyewe haukuisha mpaka fundi akahamia kazi nyingine.

"Nipatie nafasi niangalie, Hajji."

"Naenda kuswali. Nikirudi kama haifanyi, nitaizima mwenyewe. Na wewe usirudi hapa tena."

Na angeweza. Alikuwa na neno la siri la kumzima askari. Alilidai siku ya kwanza kabisa, akisema hawezi kuwa na mlango katika duka lake ambao yeye hana ufunguo wake.

Nikaketi. Askari wa aina hii ana uzuri mmoja: akikataza, anaandika alichokataza. Nikasoma. Programu ya baridi ilikuwa imejaribu kusoma faili yake ya mipangilio, ikafukuzwa, basi haikujua lini iwashe jenereta. Nikaitazama lebo ya ile faili. Ilikuwa lebo ya faili za binafsi za mtu. Nikacheka kwa sauti.

"Dada, hii faili mpya uliitoa wapi?" nikamwuliza binti.

"Fundi wa friji alinitumia. Nikaiweka kwa folda yangu kwanza, halafu nikaihamisha pale ulinionyesha."

"Uliihamisha ama uliinakili?"

"Si ni kitu moja?"

"Ukinunua mbuzi Masinga umlete hapa, anakuja na alama gani kwa sikio?"

"Ya Masinga."

"Na yule atazaliwa hapa?"

"Huyo tunamwekea yetu." Akashika mdomo. "Wooi! Kumbe nilihamisha, ikakuja na alama ya kwangu."

"Umeelewa haraka kuliko wengine niliowafundisha darasani."

Kila anayefanya kazi hii amewahi kunaswa na kosa hilo. Faili iko mahali pake, jina lake sawa, maandishi yake sawa, lakini askari anaiona ni mgeni. Nikaandika amri moja ya kuirudishia lebo ya mahali ilipo, kisha nikamwambia binti azime swichi kubwa ya stima. Taa zikazimika, na punde jenereta ikanguruma yenyewe nyuma ya duka. Akapiga makofi. Nami nilijisikia vizuri sana, na sikuona sababu ya kuficha.

Ningeweza kufunga mkoba wangu hapo. Ila mimi nikianza kusoma makatazo nayasoma yote. Chini kidogo nikakuta mengine, ya ile programu ya ujumbe. Ilikuwa imejaribu kuandika kwenye mipangilio ya chumba cha baridi, ikakataliwa. Ikajaribu kubadilisha kipimo, ikakataliwa. Ikarudi tena na tena, tangu jioni iliyotangulia. Programu ile naijua, na haina shughuli yoyote huko. Kuna mtu alikuwa ameingia ndani yake kutoka nje, akawa anapapasa ukuta akitafuta mlango. Nikachomoa waya wa intaneti. Hapo ndipo nilipoogopa, na niliogopa kweli, maana nilimfikiria mzee anarudi na hasira zake na lile neno lake la siri.

Akaingia, akasikia jenereta, uso ukalegea.

"Umezima askari?"

"Sijazima. Keti, Hajji."

Nikamwonyesha, na binti yake akamsomea mstari baada ya mstari. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu ni nani?"

"Sijui. Alitaka kushika baridi ya chumba. Angeweza kupandisha joto, na wakulima wapate ujumbe kwamba dawa iko sawa."

"Na kama ningezima asubuhi?"

"Angepita."

Nikamweleza kwamba nitaifuta programu ya ujumbe niijenge upya, na kwamba daktari anaweza kubeba chanjo kesho bila wasiwasi. Sidhani alinisikia. Alivua kofia, akaikunjakunja magotini.

"Mimi nikishikwa na hasira, nazima," akasema. "Najijua. Badilisha hiyo neno ya siri. Nusu uweke wewe, nusu aweke huyu. Mimi nisijue."

"Hajji, duka ni yako."

"Ndio maana nasema."

Akageuza kiti, akaketi akitazama ukuta. Nikaandika nusu yangu. Binti yake akakaa kuandika yake, akaweka vidole juu ya herufi, asiandike. Akaniangalia tu. Nikaelewa. Nikaenda kando ya kiti cha mzee, nikageuka, na sote wawili tukautazama ukuta mpaka alipomaliza.