Kibofu changu kimenitetea leo

Sijawahi kumwambia mtu: nina miaka kumi na sita na bado nakojoa kitandani.

Leo hospitalini wamekijaza kibofu changu maji kwa mrija mwembamba. (Aibu yake msiniulize.)

Kwenye skrini, mistari miwili ya presha: wa kibofu na wa tumbo. Nikikohoa, yote inapanda.

Ghafla wa kibofu ukapanda peke yake.

"Iko anasukuma!" mama akasema. "Huyu mutoto iko muvivu tu."

"Hapana, mama," daktari akajibu. "Tumbo imetulia; angesukuma, nayo ingepanda. Ni musuli ya kibofu inajikaza yenyewe. Dawa iko."

Mama akanigeukia: "Pole, mutoto yangu."

Nani mwingine ameitwa mvivu bure? Semeni!

Nikavaa. Huwa sinywi maji nikiwa nje, nisije nikajikojolea. Leo nimemaliza chupa nzima.