Chanjo Niliyoisogeza Siku Moja

Ndugu unayesoma, nisikupotezee muda. Kosa ni langu. Sikuwa na pombe kichwani, sikutishwa na mtu, sikuwa na njaa. Nilikuwa na akili zangu zote!

Mimi ni mwalimu wa dini kwenye kilima kimoja cha Masisi, si mbali na Kalembe. Watu wetu wanalima maharagwe na mihogo, na ni Wakristo tangu wazazi wao. Miaka ile, kilima kizima, mwenye kujua kusoma nilikuwa mimi peke yangu.

Jumamosi, siku tunayoiita siku ya posho, wanawake walirudi sokoni na chumvi, na ndagala, wale samaki wadogo wa Shasha ziwani, kama wamepatikana, na gazeti nililotumiwa na misheni. Jumapili baada ya sala hakuna aliyekwenda nyumbani. Walibaki kwenye mabenchi ya kanisa nikawasomea habari za dunia: vita ya Wazungu imekwisha, meli imezama, barabara mpya inachimbwa. Nikikohoa tu, wote kimya. Loo, nilivyojipenda!

Jumamosi moja, kapita wetu, yaani msimamizi wa kijiji, aliniletea karatasi ya serikali.

"Mwalimu, unisomee. Miye na karatasi hatujuanaka."

Nikasoma kwa macho kwanza. Ndui imeonekana upande wa Walikale. Waganga wa chanjo watakuwa Kalembe Jumapili, asubuhi mpaka saa nane, halafu wanaendelea mbele. Watoto wote wapelekwe.

Jumapili! Lakini kesho yake hiyo ndiyo Padri alikuwa anakuja kwetu, na alikuja mara moja tu kwa miezi minne. Nilikuwa nimewafundisha watu nyimbo kwa majuma sita. Nikaona mabenchi matupu, na Padri ananiuliza Wakristo wangu wako wapi.

"Inasema nini?" kapita akauliza.

"Inasema siku ya kwanza, waende Kalembe kwa chanjo," nikamwambia. Kwetu siku ya kwanza ni Jumatatu.

Nilijiambia waganga hawawezi kuwamaliza watu wote wa Kalembe kwa siku moja, lazima walale. Nilijiambia pia kwamba Mungu hawezi kuwaacha watu waliokwenda misani. Ndugu, nilimfanya Mungu karani wangu, wa kunisafishia uongo!

Kanisa lilijaa mpaka nje. Padri akanishika mkono mbele ya watu wote. Dada yangu mdogo, ambaye ni mjane, alikaa benchi la mbele na watoto wake, Petro mgongoni, Agnesi pembeni yake. Petro alikuwa na miaka miwili. Kila wimbo ulipoisha alipiga makofi, na watu wakacheka.

Jumatatu alfajiri tuliteremka Kalembe, mimi mbele. Tulikuta majivu ya moto na vipande vya pamba kwenye majani.

"Munatafuta nani?" mama mmoja wa hapo akauliza. "Wale ba chanjo balienda jana. Si balisema siku ya Mungu?"

Wote wakanigeukia. "Karani wao alikosea kuandika," nikasema. Ulimi haukutetemeka hata kidogo. Kuna aliyesema tuwafuate kwa njia ya Walikale. Ni mbali, ni msitu, na watoto walikuwa wameshachoka. Ningesema neno moja wangekwenda. Nikatangulia kurudi, tukapanda kilima.

Ndui ilifika kwetu juma la tatu. Tulizika watoto wanne. Petro alikuwa wa tatu. Agnesi naye aliugua, akapona, uso wake ukabaki na alama.

Sala za kuzika nilizisoma mimi. Sikulia. Nilisoma mpaka Amina, nikafunga kitabu, nikarudi nyumbani nikala maharagwe. Nilijua ni ya moto kwa sababu mvuke ulitoka. Ladha sikuisikia, na mpaka leo sijui vizuri kama ninahuzunika ao nimekauka tu.

Miezi miwili baadaye, Jumapili, nikafungua gazeti mbele ya watu kama kawaida. Nikasoma meli, nikasoma barabara. Kisha mistari miwili chini: ndui imeua watoto katika vilima vya Masisi, ambako watu walikataa chanjo. Nilishaisoma kwa sauti kabla sijaielewa!

Dada yangu akasimama.

"Nani alikataa? Miye? Kaka, wewe njo unajua kuandika. Andikia hao bantu ba gazeti, ubaambie hatukukataa. Petro nilimubeba mu mugongo mpaka Kalembe!"

"Nitaandika," nikasema.

Jumapili iliyofuata akaniuliza kama wamejibu. Nikasema bado. Akauliza tena, na tena, karibu mwaka mzima. Halafu akaacha. Jamani, siku aliyoacha kuuliza ndiyo niliyotaka kukimbia!

Nilikwenda kuungama kwa Padri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na dada yako unamwambia lini?" Nikamwambia karibuni. Sasa ni miaka saba.

Karatasi ile ninayo, iko ndani ya kitabu changu cha sala. Macho yangu yameanza kufifia, na siku hizi gazeti analisoma Agnesi, aliyefundishwa na Masista. Anasoma vizuri kunishinda. Na hata mistari midogo ya chini, Agnesi hairuki.

Kwa hiyo katika barua hii sitaji jina langu, lakini haitanificha. Ninyi wa gazeti mkiichapa, itafika kwetu Jumamosi pamoja na chumvi, na Jumapili itasomwa kwenye mabenchi yale yale. Mimi nitakuwa nimekaa hapo.

Nawaonya ninyi mnaowasomea wengine, walimu, makarani, watoto wa shule: soma kilichoandikwa, hata kama kinakuharibia siku yako! Aliyekupa karatasi amekupa na watoto wake.

Agnesi, soma polepole, mama yako asikie.

Dada, barua uliyoniomba ni hii. Hamkukataa. Karatasi ilisema Jumapili.