Nyumba Isiyowashwa Moto

Wewe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwenu yupo aliyeungua, na hamjui mseme nini mbele yake. Sogea karibu. Nitakueleza vita kidogo, halafu nitakueleza chumba, maana chumba ndicho kilichokaribia kunimaliza.

Asubuhi tuliyoondoka Tunduma ilikuwa ya kawaida. Malori yalipanga foleni hadi nje ya mji. Hamisi, dereva mwenzangu, mtu wa Tanga, alikuwa ameinamia jiko la mkaa kando ya tairi, akichemsha chai ya tangawizi. Mke wangu alikuja kuniaga na mtoto wetu Neema mgongoni.

"Shemeji, huyu nitamrudisha mnene," Hamisi alimwambia. "Nyie watu wa Mbozi mnamlisha maharage tu."

"Wewe mrudishe mzima. Unene nitamtia mwenyewe."

Tulivuka Zambia, tukaingia Congo na shehena ya unga, tukipokezana usukani. Tulikuwa tumesikia habari za mapigano upande wa kaskazini, lakini madereva waliotoka huko walituambia barabara imefunguliwa. Hawakutudanganya. Ilifungwa tena tukiwa katikati.

Risasi zilianzia kilimani. Lori la mbele likasimama, la nyuma likasimama. Hapakuwa na pa kugeuzia.

"Inama," Hamisi alisema.

Kitu kilipiga ubavu wa lori letu. Madumu ya dizeli tuliyoyafunga nyuma ya kichwa cha lori, kama wafanyavyo madereva wa njia ile, yakashika moto.

Mlango wangu ulikataa kufunguka. Hamisi alipita juu ya magoti yangu, akaupiga kwa bega mpaka ukaachia. Nilianguka nje.

Yeye hakutoka.

Hospitalini walinitibu vizuri, na vidonda vikafunga. Watu hudhani kidonda kikifunga, mtu amepona. Ngozi ilipona kabla yangu. Jua likinigusa shingoni niliruka. Harufu ya nyama ya kukaanga ilinirudisha ndani ya lori lile, mchana kweupe, macho yangu yakiwa wazi.

Niliporudi nyumbani, mama yangu alikuja kutoka Ruanda, kijijini kwetu Mbozi, kuniuguza, akaweka sheria. Neno moto lisitamkwe. Kioo kikaondolewa ukutani. Mke wangu akahamishia jiko kwa jirani, chakula kikawa kinakuja kimefunikwa, kimepoa. Neema akapelekwa kwa bibi yake mwingine. Mgeni akibisha hodi, aliambiwa, "Amelala."

Walifanya hivyo kwa upendo. Lakini mimi nilikuwa nalala na kuamka katika nyumba isiyo na moshi, isiyo na mtoto, wala mtu wa kunitazama, nikaelewa hivi: wananionea kinyaa. Kumbe nao walikuwa wanaelewa kwamba sitaki kuona mtu. Tulikaa hivyo, kila mmoja akimlinda mwenzake, na mlango umefungwa.

Mgeni mmoja hakuchoka. Alikuwa Shabani, kaka yake Hamisi, muuza vipuri pale mjini. Nilimsikia kupitia ukutani kila alipokuja.

"Amelala, shemeji."

"Haya. Nitarudi."

Nilijua anachokitaka. Walikuwa wamemsomea ndugu yao dua bila kujua alikufaje, na aliyeona nilikuwa mimi peke yangu. Kila alipoondoka nilipumua, kisha nikajichukia.

Siku moja hakuondoka mara moja.

"Dereva gani huyu anafungiwa ndani kama mwali?" alisema kwa sauti, ili nisikie. "Mwambieni hatuna ngoma ya kumtoa."

Mama akaanza kumkemea. Nami nikasikia sauti yangu ikisema, "Sijalala. Aingie."

Aliingia, akakaa kitandani, si kwenye kiti. Alinitazama usoni, polepole, pande zote mbili.

"Sura imebadilika," alisema. "Ubishi ni uleule." Kisha akanishika mkono, ule wenye makovu. "Niambie kuhusu mdogo wangu."

Nilimwambia. Moto niliuita moto. Nilipofika kwenye mlango nilikwama, naye akangoja bila kunisaidia neno. Nikamaliza. Alilia, nami nikalia, na mama akasimama mlangoni akisema kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, maneno ya msiba ambayo sikuwa nimeyasikia tangu nirudi.

Jioni ile nilimwomba mke wangu arudishe jiko. Aliliwasha uani, nami nikakaa mbali nalo, lakini nikakaa. Baada ya wiki chache Neema alirudi. Alinikimbia. Ilichukua muda mrefu kabla hajapokea kipande cha ugali mkononi mwangu, na siku alipokipokea sikuweza kula changu.

Sikukudanganya mwanzoni, wala sitakudanganya sasa. Siendeshi tena. Vidole viwili havikunjiki. Ndoto bado huja, ingawa siku hizi namwamsha mke wangu namwambia. Na Hamisi yuko kwenye udongo wa ugenini, ambako kaka yake hajawahi kufika. Hilo halina dawa.

Lakini chumba kina dawa. Ukienda kumwona aliyeungua, usisimame mlangoni. Keti karibu, mtazame usoni, mshike mkono kama haumuumi, kisha umuulize kama angependa kuzungumza. Akikataa, muage vizuri, na kesho urudi.