Mkia Uliorudi Kinyumenyume

"Umeniua, Mama Zulema! Umenizika na udongo umenikanyagia!" Dokta Bonfanti alipiga meza mpaka kibuyu cha yerba, chai yao ya majani, kikayumba. "Miezi minane ya milinganyo, halafu wewe unaniletea seli zinazotembea kinyumenyume kama kambakoche!"

Zulema Iraola alikidaka kibuyu, akanyonya funda moja kwa ule mrija wa chuma, wala hakumpa.

"Mimi sileti seli, mwanangu. Mimi nazihesabu tu. Zinakokwenda, waulize wazazi wao."

Pale La Plata, Argentina, kwenye maabara ya mijusi wa maji, Zulema aliingia akiwa na ndoo na brashi ya kusugulia matangi. Shule aliiacha kidato cha pili. Siku moja wakakosa mtu wa kuhesabu, wakamkalisha kwenye hadubini kwa wiki moja tu, na wiki hiyo sasa imefika miaka thelathini na moja. Mjusi akikatwa mkia, unaota mwingine. Zulema ndiye anayekagua vipande vya ule mkia mpya: seli ngapi zimejigawa, na zile zilizotiwa rangi zimefika wapi. Mara mbili wamenunua mashine ya kumrithi. Ya kwanza ilihesabu mavumbi. Ya pili anaiwekea sweta analofuma.

Kazi ya Bonfanti ni kuzigeuza hesabu zake ziwe modeli: seli zinazaliwa kwa kasi gani, zinatembea kwa kasi gani, mkia utakuwa na urefu gani wiki mbili zijazo. Safari hii modeli ilikuwa imegoma kabisa.

"Nimeshawaandikia wenzetu wa maabara ya Rosario," alisema, sauti imeshuka, "kwamba aliyehesabu kakosea."

Hapo Zulema akakiweka kibuyu chini. Katika miaka thelathini na moja ameambiwa mbishi, ameambiwa mnene, ameambiwa anaimba vibaya. Kwamba kahesabu vibaya, hilo hajawahi kuambiwa na yeyote.

"Unapima kutoka wapi?"

"Kutoka nchani mwa mkia. Nipime kutoka wapi tena, jikoni kwako?"

Alilitoa sweta juu ya mashine. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa bado kwenye sindano. Akafunga kiuzi chekundu kwenye kitanzi kilicho karibu kabisa na sindano, akampa Dokta rula apime toka pindo la mkono hadi kwenye kiuzi, kisha akafuma mistari minne, bila haraka, Dokta anahema tu.

"Pima toka kwenye sindano."

"Upana wa kidole."

"Mwanzo kilikuwa wapi?"

"Kwenye sindano hapo hapo."

"Kwa hiyo kimetembea?"

"Kimerudi nyu..."

"Kimerudi wapi, nimekifunga fundo? Sindano ndiyo imekwenda mbele. Haya, pima toka huku chini, kwenye pindo, mkono ulikoanzia."

Umbali ulikuwa ule ule wa mwanzo.

"Mkia unakua, Dokta. Ncha yako inakukimbia, halafu unasema seli ndizo zinazorudi. Kwenye kila kioo cha hadubini nimeweka nukta ya wino pale wembe ulipokata mkia. Miaka yote hii. Ulidhani ni urembo?"

Bonfanti aliondoka mbio, kiti kikaanguka. Alihamisha sifuri yake kutoka nchani mpaka kwenye nukta ya wino, akairudisha kompyuta kazini. Wengine walikwenda kula, yeye hakwenda. Saa nane mchana akatokea mlangoni, masikio mekundu.

"Zimekaa, mama. Seli mia nne na kumi, zote zimelala kwenye mstari wa modeli, hata moja haijatoka nje."

"Mia nne na kumi na mbili."

Dokta akachungulia karatasi yake. Mia nne na kumi na mbili.

Zulema alinyoosha mgongo, akafunga vifungo vya koti lake jeupe mpaka kile cha shingoni, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Akachukua ndoo ya minyoo ya kulishia mijusi.

"Sasa wale wa Rosario," Bonfanti akamwita, "wanasubiri barua. Niwaambie nani kakosea?"

Zulema alikuwa ameshafika kwenye matangi, anaimba, na anaimba vibaya kweli.