Kifungo cha Koti la Daktari

Vyeti vya daktari wa macho wa Queensbury, London, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, vimejaa ukutani, lakini yeye havizungumzii. Kifaa cha kushikilia kope alichokibuni mwenyewe alikijaribu kwanza kwenye jicho lake, na hadi leo hukipasha joto kiganjani kabla ya kumgusa mtu. "Pole mama, kitakuwa baridi kidogo," alimwambia Generosa, fundi cherehani wa Edmonton, jijini humo humo, kila mara, wala hakikuwa baridi hata siku moja. Siku ya kumfungua bandeji baada ya upasuaji hakumsomesha herufi. Alimpa sindano na uzi.

"Haya, tunga."

Uzi ukapita mara moja. Generosa hakuirudisha sindano.

"Vua koti, daktari," akasema, akamshonea kifungo kilicholegea, kile kilichokuwa kikimpapasa shavu kila mara daktari alipomwinamia.