Mkono wa Mama

Kwenye mkutano wa kijiji, baba alinyoosha mikono miwili kupigia kura josho la ng'ombe: mmoja wake, wa pili wa mama. Fedha za kijiji zilitosha kimoja tu, na mama alitaka mashine ya kusaga. Tulikuwa wageni Usangu, tumehamia na mifugo kutoka kaskazini, na wanaume pale walipiga kura hivyohivyo. Ilipotajwa mashine, mama akasimama, akanyoosha wake.

"Mama, wako umeshahesabiwa," mwenyekiti alisema.

"Ule ni wa mume wangu, Ndugu Mwenyekiti. Mimi nilizaliwa na huu."

Wanawake wakacheka, kisha nao wakanyoosha. Kura zikazidi watu. Barua ikapelekwa Mbeya kuuliza mkono wa mke ni wa nani. Nilipoondoka kwenda kusoma Iringa, jibu lilikuwa halijaja, na mama alikuwa bado anatwanga.