Siku Mgeni Alipokuwa Akila

Juzi nilifika Kabuchai kumwona nyanya, nikiwa hoi kwa safari, na kitu cha kwanza alichoniwekea mezani kilikuwa viazi vitamu vya jana, baridi, na chai iliyolala. Kuni zilikuwa zimelowa mvua. Nilimega kipande nikatafuna, na kabla sijameza nikajikuta namuuliza nyanya, "Kukhu, leo mgeni anakula?" Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikaa chini polepole, akaufunika uso kwa leso.

Acha nikueleze, rafiki yangu, maana wewe hukulelewa katika nyumba ile.

Mimi na dada yangu tulikulia viungani mwa Kitale, kwa babu na nyanya. Ujana wake wote babu alikuwa nyapara katika shamba la mahindi la mzungu mmoja. Mzungu huyo alipozeeka alimwachia bastola ya zamani, ile ambayo tumbo lake la risasi huzunguka, na babu akahangaika na maofisi mpaka akapata kibali chake. Shida ni kwamba risasi za aina ile hazikuletwa tena madukani. Kwa hiyo kila alipofyatua aliokota maganda, akayasugua, akayatia baruti upya kwa mkono wake na kuyafunga kichwa kipya cha risasi. Kazi hiyo hakuiita kujaza. Aliiita kulisha. Na bastola yenyewe aliiita Mgeni, kwa sababu kwetu mgeni ndiye hula kwanza.

Siku Mgeni akila, moto haukuwashwa. Jikoni na sebuleni palitengwa na pazia tu, na babu hakutaka hata kiberiti kiguswe karibu na baruti. Redio ilizimwa. Tulikula ugali wa jana uliokatwa kwa kisu, mboga ya mrenda iliyoganda, na viazi kama hivi. Nyanya alipita nyuma ya kiti chake akinung'unika, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako mbona jembe halioni?" Babu hakuinua kichwa. "Wacha kerere, mama. Mgeni anakura." Ile r yake ya Bungoma ilituchekesha, tukaziba midomo, maana kucheka nako kulikatazwa.

Baruti nayo ilikuwa na siasa zake. Babu alipenda ile ya vipande vipana, nyepesi, iliyolijaza ganda karibu mpaka shingoni. Alisema hiyo ni baruti ya mtu mwenye akili, kwa sababu ukisahau ukaitia mara mbili inamwagika mezani, unajiona mjinga na unaanza upya. Ile nyingine, ya punje laini, iliwaka upesi na ilitakiwa chembe tu chini ya ganda. Ukichungulia unaona kama ganda lina njaa bado. Ukilitia tena linapokea, halilalamiki, na siku utakapofyatua, chuma kile kikuukuu kinapasukia mkononi mwako. Babu aliiogopa. Lakini mkebe wake wa zamani uliisha, na muuza silaha alikuwa na hiyo laini peke yake. Aliinunua huku akisonya.

Ilikuwa ile miaka mlima ulipokosa amani. Watu walishuka kutoka Elgon na magodoro kichwani, na mtaani kwetu kila jioni kulikuwa na uvumi mpya. Babu ndiye pekee aliyekuwa na silaha ya halali, na majirani wakamfanya ukuta wao. Mzee wa watu alikuwa ameanza kutetemeka mikono na macho yameingia ukungu, lakini angemwambia nani? Nyanya alimsihi amrudishe Mgeni kituo cha polisi. "Utatuulia mtu humu ndani," alimwambia. "Ama ujiue wewe." Babu alijibu kwamba mwanamume harudishi mgeni mvua ikinyesha.

Basi asubuhi moja yuko mezani, maganda yamesimama mstari, yuko katikati ya kazi, mara mlangoni, "Hodi!"

Alikuwa jirani yetu, mama wa Kikuyu aliyetuuzia maziwa. Sasa niambie, mtu wa kwetu anaachaje hodi bila jibu? Babu, aliyetunyamazisha sisi kwa ukali wote ule, akaweka chini kijiko cha ile baruti laini. "Kalibu, mama, kalibu!" Akatoka nje, wakasalimiana kama inavyotakiwa: watoto, ng'ombe, mahindi, mvua, yule mgonjwa anaendeleaje. Alipomaliza salamu na kurudi mezani, alisimama akiyatazama yale maganda. Akachungulia moja. Akachungulia la pili.

"Mama," alimwita nyanya, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "hebu niangalilie. Sijui gani imekura."

Nyanya alichukua tochi, akalimulika ganda moja baada ya jingine. Akashika lile la katikati. "Hili limekula mara mbili," akasema, na papo hapo akalimimina mkebeni kabla babu hajasogea kuona.

Babu alikaa. Kisha akayamwaga yote. Wiki hiyohiyo alivaa koti lake la kanisani, akampeleka Mgeni kituoni, akarudi mikono mitupu. Jioni ile tulikula ugali wa moto na kuku, na hakuna aliyefurahia.

Tangu siku hiyo babu hakujiamini tena. Aliuliza kama amefunga mlango. Aliuliza kama amevaa viatu vyake au vya mtu mwingine. Mwishowe waliuza nyumba ya Kitale wakarudi Kabuchai, na huko ndiko alikozikwa.

Haya yote nyanya anayajua kuliko mimi. Kwa hiyo nilishangaa juzi alipoondoa leso usoni akasema, "Hakuna lililokula mara mbili."

Sikumwelewa.

"Yale maganda. Yalikuwa sawa yote. Nilimdanganya. Nilikuwa nimechoka, mjukuu wangu. Nimechoka kuogopa, nimechoka kulisha watoto vitu baridi. Nilitaka tu ile kitu itoke. Sikujua itatoka na yeye."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia ukweli.

"Ningemwambia lini? Siku zile za mwisho alikuwa akitoka mezani sasa hivi, mdomo bado una mafuta, anarudi kuniuliza, 'Mama, mimi nimekura?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia bado. Nikawasha moto, nikampikia tena." Akaivuta sahani ya viazi baridi upande wake. "Katika nyumba yetu, ni yeye tu aliyekula mara mbili."